Nimezoea kamera ya kidijitali na sasa nataka renjifainda: nianzie wapi?

Binti wa Ngamiani aliuliza:

Salaam, ndugu zangu wapiga picha.

Ninapiga picha za harusi na shughuli nyingine hapa Tanga, na kwa miaka saba nimekuwa nikitumia kamera za kidijitali ambazo hulikamata jicho la mtu zenyewe hata kabla sijaamua kama huyo ndiye niliyemtaka. Sina ugomvi nazo, kwa kuwa ndizo zinazonilisha. Hata hivyo, mwezi uliopita nilirudi kutoka kwenye shughuli moja na picha zaidi ya 2,000, na nilipokaa kuzichambua niligundua kwamba zile ninazokumbuka kuziona kwa macho yangu nilipokuwa nikizipiga hazikufika ishirini.

Siku chache baadaye mgeni wa kaka yangu aliniazima Leica M6 yake kwa alasiri moja, renjifainda ya filamu, yaani kamera inayopima umbali kwa kulinganisha taswira mbili. Nilipochungulia niliona mistari myeupe inayoelea juu ya mandhari, na katikati kiraka kidogo chenye taswira ya pili ya mtu yule yule, ambayo ilisogea kushoto na kulia kadiri nilivyoizungusha lenzi. Nilipiga fremu 12. Filamu iliposafishwa, tano zilikuwa zimeshika fokasi, tatu zilikuwa na ukungu, na nne zilitoka nyeusi tii kwa sababu nilisahau kuondoa kofia ya lenzi na kamera haikuniambia kitu. Pamoja na aibu hiyo, ninazikumbuka zote kumi na mbili.

Sasa ninataka kamera ya aina hiyo iwe yangu, ingawa uwezo wangu si wa kununua Leica mpya. Naomba ushauri wenu: mtu aliyezoea dijitali aanze na filamu au atafute renjifainda ya kidijitali iliyotumika? Lenzi ya kwanza iwe ipi, hasa kwa mtu anayevaa miwani kama mimi? Na je, mnashikaje fokasi ya watu wanaotembea na kucheza, ilhali kila kitu kinafanywa kwa mkono?

Baharia wa Hamburg alijibu:

Salaam, dada. Nimebeba renjifainda kwa miaka kumi na moja, mwanzoni za filamu na baadaye ya kidijitali, na zile fremu zako nne nyeusi nami ninazo nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Chanzo chake ndicho kitakachokueleza kamera hizi zinavyofanya kazi, kwa hiyo nianzie hapo.

Katika kamera unayoitumia sasa, unachokiona kimepita kwenye lenzi. Katika renjifainda hukioni kupitia lenzi hata kidogo. Mbele ya kamera kuna madirisha mawili yaliyoachana, na kila moja linamtazama mtu wako kutoka pembe yake, kama yafanyavyo macho yako mawili. Dirisha kubwa ndilo unalochungulia, na taswira ya lile dogo huletwa na kioo kinachogeuka, ikawekwa juu ya ile ya kwanza katika kiraka cha katikati. Ukizungusha lenzi, mkono mdogo wa chuma ulio ndani ya kamera husukumwa na kukigeuza kioo hicho. Taswira mbili zikilaliana sawasawa, umbali umepatikana na lenzi imekwisha kuwekwa pale pale. Leica II na Contax zilikuja na muunganisho huo mwaka 1932. Kabla yake wapiga picha wengi walikadiria umbali kwa jicho, au waliupima kwa kifaa cha pembeni kisha wakauhamishia kwenye lenzi wenyewe. Leica M3 ya mwaka 1954 iliunganisha matundu mawili ya nyuma ya kuchungulia, la kupimia umbali na la kutazamia picha, kuwa moja, na M6 uliyoazimwa, ambayo ilianza kutoka mwaka 1984, ni ya ukoo huo huo ikiwa imeongezewa kipimamwanga.

Kwa kuwa dirisha hilo halijui lenzi inaona nini, haliwezi kukuonyesha kinachofifia. Ufungue lenzi hadi f/2 au uifunge hadi f/16, mbele ya jicho lako kila kitu, cha karibu na cha mbali, ni kikali vile vile, na ule ulaini wa nyuma ya bibi harusi ambao skrini yako hukuonyesha papo hapo itabidi uuwaze kichwani. Ukishakubali hasara hiyo, unapata faida ambayo mimi siwezi kuiacha tena: unaona nje ya mistari ya fremu. Unamwona shangazi anayekuja na sinia la pilau kabla hajaingia kwenye picha, nawe unaamua kumngojea au kumtangulia.

Sasa nije kwenye swali la watu wanaotembea, kwa sababu hapo ndipo wengi tuliotoka kwenye dijitali tunapokwama. Tunainua kamera, tunaanza kuzungusha lenzi huku na huku tukitafuta taswira zilingane, na zinapolingana mtu ameshapita. Kosa liko kwenye mpangilio. Umbali unatakiwa kujulikana kabla kamera haijafika usoni. Kiraka ni cha kuhakikisha tu. Wazee wetu walipima nguo na kamba kwa pima, yaani mikono miwili iliyonyooshwa, ambayo ni kama mita 1.8, na mimi nimeona kwamba kipimo hicho kinafaa kwa kazi hii kuliko mita zenyewe, kwa kuwa mwili unakijua. Chukua lenzi ya milimita 35, iweke f/8 na uielekeze kwenye mita 3. Kwa hesabu ya kawaida ya filamu ya milimita 35, kila kitu kuanzia takriban mita 1.9 hadi mita 7 na kidogo kitatoka na ukali unaoridhisha. Hiyo ni kuanzia pima moja hadi pima nne. Mtu akiwa ndani ya eneo hilo huhitaji kugusa chochote, unapiga tu, na hakuna kamera inayotafuta fokasi yenyewe itakayokushinda kasi. Sensa yenye megapikseli nyingi ikikuzwa sana haina huruma kama filamu, kwa hiyo humo eneo hilo lihesabu kuwa fupi zaidi.

Usiku ukumbini, lenzi ikiwa f/2, nafasi hiyo haipo na kiraka ndicho tegemeo lako. Tafuta mstari wa wima ulio wazi: ukingo wa pua, pindo la mtandio, kifungo cha koti. Na hapa kuna tahadhari kwa mpiga picha wa pwani. Mapambo yanayojirudia, kama vidoti vya kanga, nondo za dirisha au matundu ya ukuta wa urembo, humdanganya mpimaji, kwa sababu kidoti cha kwanza kinaweza kulalia juu ya cha pili na taswira ikaonekana imelingana ilhali umbali si wenyewe. Mwenye kanga mpime usoni, usimpime kwenye kanga.

Kuhusu lenzi, nunua moja na ukae nayo. Kwa mvaa miwani, milimita 50 ni raha kwenye Leica nyingi za M kwa kuwa mistari yake inakaa ndani sana ya dirisha. Milimita 35 inawezekana, ingawa itabidi uibane kamera usoni ili uzione pembe. Milimita 28 katika dirisha la kawaida la ukuzaji wa 0.72 utakuwa unabahatisha kingo. Kupita milimita 90 mistari inakuwa midogo kama stempu na kupima kunakuwa kugumu, kwa hiyo picha za mbali waachie wenye kamera nyingine.

Ama filamu au dijitali, ushauri wangu ni filamu, katika kamera ya lenzi isiyobadilika. Canonet QL17 GIII ina lenzi ya milimita 40 ya f/1.7, na Yashica Electro 35 ina ya milimita 45 yenye uwazi huo huo. Zote mbili hupatikana mikononi mwa watu kwa sehemu ndogo sana ya bei ya Leica. Jiandae tu kugeuza tabia mbili. Katika dijitali umejifunza kuulinda mwanga mkali usiungue. Filamu ya negativu hustahimili mwanga wa ziada na huadhibu giza, kwa hiyo pima mwanga kwenye kivuli. Kisha ISO, yaani wepesi wa filamu kuitikia mwanga, inafungwa kwa fremu zote 36. Ukiweka filamu ya ISO 400 adhuhuri ya Tanga, jua litakutaka f/16 kwa 1/500 ya sekunde, na kamera hizi nyingi zinakomea hapo hapo kwenye 1/500, kwa maana hiyo lile tundu la f/1.7 uliloligharamia litangojea magharibi. Mchana weka ISO 100.

Usafiri wa filamu nao unataka uangalifu. Mashine mpya za ukaguzi viwanjani, zile zinazozungusha miali kama za hospitali, huiharibu, basi anayekuletea aibebe mkononi na aombe ikaguliwe kwa mkono.

Mtu wa Sensa alijibu:

Ninamheshimu Baharia, lakini sikubaliani naye kuhusu filamu. Dada anataka kujifunza kupima umbali, na somo hilo linataka jibu la papo hapo. Ukipiga leo na kuiona picha baada ya wiki tatu, hukumbuki tena ulisimama pima ngapi. Ukiwa na renjifainda ya kidijitali unapiga, unatazama, unajua umekosea kwa kiasi gani, unarudia.

Tatizo ni kwamba uchaguzi ni mdogo na kila chaguo la bei ya chini lina kilema chake. Epson R-D1 ya mwaka 2004 ndiyo iliyotangulia zote, ina megapikseli 6, na vipuri vyake ni vya kuotea. Leica M8 ya mwaka 2006 ina sensa ndogo kuliko fremu kamili, yaani ukubwa wa fremu ya filamu ya milimita 35, na kinga yake dhidi ya miali ya infraredi ni dhaifu, kiasi kwamba vitambaa vyeusi vya nailoni na poliesta hutoka na rangi ya zambarau. Fikiria harusi iliyojaa mabuibui na suti nyeusi! Kuna kichujio cha kufunga mbele ya lenzi kinachotibu jambo hilo, nawe usiinunue M8 bila hicho. M9 ya mwaka 2009 ilileta fremu kamili, ila kioo kinachofunika sensa yake ya awali kinajulikana kwa kuliwa na kutu taratibu. Muulize muuzaji kama sensa ilibadilishwa na akuonyeshe karatasi. Ukiweza kujinyima hadi ufikie Leica M240, utaepuka hayo yote, na ina uwezo wa kuonyesha picha kwenye skrini pale unapokuwa na mashaka.

Zile Fujifilm X100 na X-Pro zina umbo hilo na dirisha la pembeni, na ni kamera nzuri, lakini ndani yake hamna kioo kinachogeuka wala muunganisho wa chuma. Ukinunua moja kwa kudhani ni renjifainda utakuwa umenunua sura.

Kabla hujatoa hata shilingi, jaribu hili kwa mwezi mmoja: kwenye kamera yako ya sasa zima fokasi ya kujiendesha, funika skrini ya nyuma kwa karatasi, weka milimita 35 na f/8, na kila unapotaka kupiga taja umbali kwa sauti kwanza.

Fundi wa Mwembe Tayari alijibu:

Assalaam alaikum. Mimi si mpiga picha mzuri, ila nimefungua kamera za zamani kwa miaka mingi hapa Mombasa, na ninachokiona kila mara ni mtu aliyenunua kwa kuangalia ngozi inavyong'aa. Renjifainda inaweza kupendeza kwa nje huku kipimo chake kimepotoka, na kwa kuwa dirisha haliijui lenzi, kama alivyoeleza Baharia, hutagundua hadi filamu isafishwe.

Basi fanya hivi mbele ya muuzaji. Weka lenzi kwenye alama ya mbali kabisa, kisha utazame kitu kilicho kilomita moja au zaidi: mnara wa msikiti, meli iliyotia nanga, mwezi ukiwa umetoka. Taswira mbili zinatakiwa zilaliane bila kuachana hata uzi. Zikiachana kushoto na kulia, umbali unapimwa vibaya. Zikipandana juu na chini, kipimo bado chaweza kuwa sahihi, lakini jicho litachoka na kiraka kitakuwa kigumu kukisoma. Yote mawili hurekebishika mara nyingi kwa skrubu ndogo, ila si kwa bisibisi ya dukani na si mbele ya muuzaji. Baada ya hapo pima mita moja kwa futi ya fundi nguo kutoka mgongo wa kamera, pale filamu inapolala, hadi kwenye kitu chenye ukingo wa wima, lenganisha taswira, na usome lenzi inasemaje. Ikiwa mbali iko sawa na karibu imekosea, mwachie kamera yake.

Kiraka kikiwa kimefifia, angalia kwanza kama ni vumbi. Kama ni kioo cha nusu-fedha, kile kinachozilaza taswira mbili pamoja, ndicho kilichochakaa, kukibadilisha ni kazi. Kuna hila ya masikini: bandika kipande kidogo cha utepe mweusi katikati ya dirisha kubwa, kwa nje, mahali panapoangukia kiraka. Taswira ya moja kwa moja itapungua pale na ile ya dirisha dogo itaonekana wazi zaidi.

Kwa zile mbili alizozitaja Baharia, tatizo la kwanza ni betri. Canonet ilitengenezwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo haitengenezwi tena, na ukiweka ya kisasa ya volti 1.5 kipimamwanga kitadanganya. Betri za vifaa vya kusaidia kusikia, zile za zinki na hewa namba 675, hutoa volti 1.4 na zinafaa, ingawa hazidumu kwa kuwa zikishafunguliwa hewa inaendelea kuzila hata kamera ikilala. Yashica ilitumia volti 5.6, na hiyo hukubali betri ya volti 6 ikiwekewa springi ya kujazia nafasi. Ndani ya Yashica mna kipira kidogo ambacho huoza kwa umri. Unapovuta mkono wa kusogeza filamu unapaswa kusikia mgoto wa chuma. Ukivuta na kukawa kimya, kipira kimekwisha na kamera itakupimia mwanga ovyo. Sponji za mlango wa nyuma nazo huwa zimegeuka lami. Hizo zisikutishe, uzi wa sufu mweusi unatosha.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine, nao ni kuvu. Elekeza tochi kwenye lenzi kutoka upande wa nyuma, tundu likiwa wazi kabisa. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, jua zinakula kioo. Na ukishanunua, usiifungie kamera kwenye mkoba wake wa ngozi kabatini. Iweke kwenye chombo cha plastiki kisichopitisha hewa pamoja na vifuko vya silika, na uitoe mara kwa mara ipate mwanga na hewa.

Binti wa Ngamiani aliandika:

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Nilianza zoezi la Mtu wa Sensa, na siku ya kwanza nilikosea umbali wa mita 2 nikauita mita 3 karibu kila mara. Kumbe ninajua pima lakini mita sizijui kabisa.

Jambo jingine limetokea. Mama aliposikia ninatafuta kamera ya zamani, alinitolea sandukuni renjifainda ya filamu, FED-2 ya marehemu mjomba, ambaye alisoma Urusi na kurudi nayo. Shata inalia, lenzi inazunguka kwa uzito, na sioni kuvu. Je, inafaa kuanzia, au niendelee kutafuta Canonet?

Fundi wa Mwembe Tayari alijibu:

Inafaa, binti yangu, na Mungu amrehemu mjomba. FED ni kazi ya Kharkiv, Ukraine, na kipimo cha FED-2 ni kizuri kwa kuwa madirisha yake yameachana karibu sawa na yale ya Leica M. Haina kipimamwanga, tumia cha simu au kanuni ya jua aliyoigusia Baharia. Wewe mwenye miwani utaona chini ya kitufe cha kurudishia filamu pana mkono mdogo: huo hurekebisha dirisha lilingane na jicho lako, na pengine utaweza kuchungulia bila miwani.

Usibadilishe kasi ya shata kabla hujaivuta filamu mbele na shata ikajitega. Vuta kwanza, ndipo ugeuze kitufe cha kasi, vinginevyo unaweza kuvunja mtambo ambao umedumu miaka sitini. Kisha ingia chumba chenye giza, fungua mgongo, ondoa lenzi, umulike pazia la shata kwa tochi kutoka mbele. Pazia hilo ni kitambaa chenye mpira. Ukiona nukta za mwanga kama nyota, ni matundu, nayo huletwa mara nyingi na jua: kwa kuwa hakuna kioo kinacholikinga pazia, lenzi iliyoachwa wazi kuelekea jua hulichoma kama miwani ya kukuzia inavyochoma karatasi.

Kwa hiyo kofia ya lenzi hutaiepuka, hata kama imekwisha kukula fremu nne. Mimi yangu nimeitoboa nikaifunga uzi mwekundu unaopanda hadi mbele ya dirisha la kuchungulia, na kofia ikiwa imefungwa ninauona uzi katikati ya picha kabla sijaona kitu kingine.